Kuanza udereva wa malori kupitia kampuni zinazofundisha wasio na uzoefu: kabla ya mshahara, uliza utakaa kiti cha pili safari ngapi

Kiti cha Pili (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila wiki napata ujumbe wa kijana anayeuliza swali lile lile: "Kaka, nina leseni daraja E, cheti ninacho, lakini kila ninapopeleka barua wanataka uzoefu wa miaka mitatu au mitano. Huo uzoefu nitautoa wapi ikiwa hakuna anayenipa lori?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Leo naandika kwa wote, maana njia hiyo nimeipita mwenyewe na najua inavyouma.

Mimi nilikuwa konda wa daladala, Mbagala Rangi Tatu kwenda Kariakoo, miaka mitatu. Fedha niliyodunduliza ilinipeleka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, nikasoma kozi ya magari makubwa, nikapata cheti, nikapata E. Nikakaa nayo mfukoni mwaka mzima na miezi miwili. Nilizunguka yadi za Kurasini, Vingunguti, Kiwalani na Tabata mpaka walinzi wa mageti wakanizoea. Mmoja aliniambia kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, hapa hawampi mtu gari la mamilioni akajifunzie."

Ndipo nikasikia kuna kampuni inachukua vijana wenye leseni wasio na uzoefu, inawafundisha yenyewe, kisha inawafunga kwa mkataba. Jina silitaji, wala nisiulizwe inboksi. Kampuni za namna hiyo zipo zaidi ya moja hapa Dar, na ninachotaka kusema kinazihusu zote.

Tulifika watu 26 kwenye usaili. Siku ya kwanza hakuna aliyeulizwa cheti. Tuliambiwa tukague lori moja lililopaki, tuseme lina kasoro gani. Wengi walikimbilia kabini kuwasha injini. Kasoro zilikuwa chini: nati mbili za tairi la nyuma zimelegea, zimechuruza kutu kwenye rimu, na mpira mmoja wa upepo wa tela ulikuwa unavuja, unausikia ukinyamaza. Walibaki watu 9. Mimi nilibaki kwa sababu ya masikio tu, ule mlio niliusikia.

Wiki tatu za mwanzo hatukugusa usukani. Tulipaka grisi, tulikaza nati, tulitoa maji kwenye matenki ya upepo kila asubuhi, tulifunga na kufungua loki za kontena, tuliunga tela na kulikata. Kuunga tela peke yake kulichukua siku nne. Unarudi nyuma taratibu mpaka kingipini, ile pini ya chini ya tela, iingie kwenye sahani ya nyuma ya kichwa cha lori, loki ijifunge, kisha unavuta mbele kidogo huku breki za tela zimeshika, ili uone kama kweli imeshika. Unashuka, unachungulia kwa macho yako na tochi. Ndipo unaunganisha mipira ya upepo na waya wa taa, ndipo unapandisha miguu ya tela. Kijana mwenzetu alipandisha miguu kabla hajavuta. Tela lilianguka kwa mbele, bahati nzuri lilikuwa tupu. Sauti yake naikumbuka hadi leo.

Baada ya hapo mapipa. Yadi nzima wamepanga mapipa, unarudisha tela katikati yake. Aliyezoea gari dogo akili yake inampeleka upande usio sahihi: ukitaka mkia wa tela uende kushoto, usukani unaanza kulia, kisha unaufuata. Kwa sababu sisi tunakaa kulia mwa gari, kurudi nyuma ukikunja upande wa kulia unaona tela lako lote; ukikunja kushoto unabaki na kioo tu, na kikishajaa mgongo wa tela huoni kitu. Nilipiga mapipa mengi. Mwalimu hakunigombeza hata mara moja. Alikuwa anasema tu: "Simama. Shuka ukaangalie. Panda." Kushuka na kupanda kabini mara 40 kwa siku kunachosha, lakini mpaka leo sirudi nyuma mahali nisipopajua kabla sijashuka kuangalia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Yote hayo ni ya yadi. Udereva wa lori nimejifunzia kiti cha pili, kile cha kushoto, nimekaa pembeni ya mtu mzima aliyefanya kazi hii kabla mimi sijaanza shule. Nilikaa pale safari sita, karibu miezi mitano: mbili za Tunduma, nne za kuvuka mpaka hadi Ndola na Lubumbashi. Mwanzo naangalia tu. Kisha napewa usukani vipande vilivyonyooka, Chalinze hadi Morogoro, Makambako hadi Igawa. Mwisho naendesha mimi, yeye amekaa kimya kushoto.

Wenzetu wawili walijiunga na kampuni nyingine waliyoona inalipa vizuri kuliko yetu. Kule walikaa kiti cha pili safari moja, wakapewa funguo. Mmoja alilaza gari mwezi wa pili. Alitoka mzima, namshukuru Mungu, ila hakurudi tena kwenye kazi hii. Hakuwa mzembe. Hakuna mtu aliyempa muda wa kuuona mlima huo huo mara sita, kwa jua, kwa mvua, ukiwa mtupu na ukiwa na mzigo.

Nitoe mfano wa mlima Kitonga, ule wa Iringa, maana wengi mnauogopa kwa upande usio wake.

Ukitoka Dar, Kitonga ni kupanda. Unaacha Ruaha Mbuyuni, wauza vitunguu na mibuyu yao, unaanza kukunja kona gari likilia. Ni kazi, lakini ukikosea hapo mara nyingi gari linasimama tu na unazuia njia. Kitonga yenyewe iko kwenye kurudi, umebeba shaba ya Kongo, tani zote zile zinakusukuma mgongoni. Hapo breki ya mguu siyo rafiki yako. Ukiikanyaga mfululizo, laini za breki zinapata moto, zikipata moto hazishiki, unakanyaga zaidi, moto unaongezeka. Utakuja kugundua umekanyaga mpaka chini na gari haliitiki. Kinachokushusha Kitonga ni gia nzito, yaani ya chini, egzosi breki inayobana moshi wa injini, na retada, breki ya ziada isiyotumia laini, kama gari lako linayo. Mguu ni wa kugusa na kuachia.

Safari yangu ya kwanza ya kurudi na shaba, mzee alisimamisha gari kabla mteremko haujaanza. Akashuka, akazunguka gari lote, akasogeza kiganja karibu na kila rimu kusikiliza joto, akagonga matairi yote, akapanda, akaangalia mishale ya upepo kwenye dashibodi. Kisha akaniuliza: "Tulipopanda hapa, tulipanda na gia ya ngapi?"

Sikukumbuka. Nilikuwa nimetazama mandhari.

Akazima injini. Tulikaa pale kama nusu saa, hakuongea. Kisha akatoa kijidaftari cha kurasa za mraba, kimekunjamana, akanionyesha. Kila mlima wa njia hii ameuandika: gia ya kupandia, gia ya kushukia, wapi pana nafasi ya kusimama, kona ipi basi hupenda kupita. Akasema gia uliyohitaji kupandia na mzigo, ndiyo ya kuanzia kushuka, na ukiwa na shaka punguza nyingine moja. Pale Morogoro nilinunua daftari langu.

Na bado nilikosea. Safari yangu ya nne nikiwa peke yangu, Kitonga hiyo hiyo, basi liliniganda nyuma likawa linawasha taa na kupiga honi. Nikaona aibu ya kuchelewesha watu, nikapandisha gia moja. Kona mbili tu mbele nikaanza kusikia harufu ya laini kuungua. Nilirudi nilikopaswa kuwa kwa shida, nikapata upenyo wa kusimama, nikaweka magogo kwenye tairi, nikatandika pembetatu, nikakaa chini ya mti saa mbili nzima mikono ikitetemeka. Basi lilishapita zamani. Nimeliandika hili ili kijana anayesoma ajue: atakayekupigia honi Kitonga hatakuwepo pale chini.

Leo naishia hapa, chakula kimeiva. Ya mkataba naendelea kesho.

Kiti cha Pili

Naendelea. Mkataba.

Kampuni ikikufundisha bure, haikufundishi bure. Itakufunga. Mimi nilifungwa miaka miwili: nikiondoka kabla, nalipa gharama za mafunzo. Sioni ubaya wa hilo, wametumia dizeli, matairi na muda wa mzee wangu. Ubaya ni pale karatasi inaposema "gharama za mafunzo" bila tarakimu. Kabla ya kusaini taka mambo mawili yaandikwe: ni shilingi ngapi hasa, na kwamba deni hilo linapungua kila mwezi unaofanya kazi. Aliyefanya kazi miezi 20 kati ya 24 asidaiwe sawa na aliyetoroka wiki ya pili. Mimi niliomba hilo la pili kwa sauti ya unyenyekevu kabisa, na waliliandika. Wenzangu hawakuomba, hawakuandikiwa.

Pili, leseni. Tuliambiwa tuache leseni halisi ofisini "kwa usalama". Nikasema nitaacha nakala iliyothibitishwa na wakili, kwa kuwa barabarani trafiki ataitaka halisi. Walinuna siku moja, yakaisha. Leseni yako ya miaka 5 umeilipia 70,000 TRA kwa jina lako, ikae kwako.

Tatu, makato. Hapa ndipo vijana wanapoumia. Kila safari unapewa lita za dizeli kwa hesabu ya kilomita. Lori lenye mzigo kamili linakula lita moja kwa kama kilomita mbili, na foleni ya Mbezi au mpakani haimo kwenye hesabu. Ukirudi na upungufu, unakatwa. Tairi likipasuka, unakatwa. Kioo, unakatwa. Kuna mwezi mwenzangu alipokea posho tu. Wengi hatujui kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, imeweka masharti: mwajiri asikukate kwa hasara mpaka iwe umeisababisha kwa kosa lako kazini, akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na alivyokikokotoa, akupe nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya ujira wako. Robo. Kishike kichwani kifungu hicho kama namba ya simu ya mama yako. Ikishindikana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, lakini usichelewe: la kuachishwa kazi ni siku 30, madai mengine siku 60.

Na dizeli usiuze. Njiani utaonyeshwa madumu na watu wenye maneno matamu. Ukianza na lita 20 utakuwa umeshauza jina lako kwa watu ambao kesho watakutaka lita 100, na kila dereva wa njia hiyo atajua.

Mwana wa Mlandizi

Mkuu, shukrani sana kwa uzi huu. Mimi nina E tangu mwaka jana, lori sijawahi kuendesha zaidi ya lile la chuo. Kuna sehemu nimeitwa, ila wanataka 300,000 ya fomu na sare kabla ya mafunzo. Wanasema nafasi ni chache na mwisho ni Ijumaa. Nitume?

Kiti cha Pili

Mdogo wangu, usitume hata shilingi. Kampuni yenye malori inapata hela kwa kusafirisha mzigo, haihitaji 300,000 yako. Nenda hapo mahali kwa miguu yako. Uliza yadi iko wapi. Simama getini asubuhi, tazama kama malori yanaingia na kutoka, ongea na utingo wanaokunywa chai kwa mama lishe wa nje, waulize mishahara inatoka tarehe ngapi. Dakika 20 kwa mama lishe zitakuambia zaidi ya tangazo lolote. Kama hakuna yadi, hakuna kampuni.

Mzee wa Tunduma

Nimesoma yote. Kijana umeandika vizuri, lakini nakupinga mahali pamoja. Shule ya kweli ya lori ni utingo. Sisi tulianza kwa kufunga turubai, kulala juu ya mzigo, kupika ugali chini ya tela, miaka minne, mitano. Ulipopewa usukani ulikuwa unajua gari kwa kuisikia. Hawa wa kampuni wanakuja na kabini yenye kiyoyozi, gari ikizima Nakonde, upande wa Zambia, usiku anapiga simu ofisini. Nimewaona. Hajui hata kubadili tairi la ndani.

Kiti cha Pili

Shikamoo mzee. Nakubali nusu ya maneno yako, na hiyo nusu naikubali kwa moyo wote. Utingo anaijua njia, anawajua watu wa njia, na kubadili tairi la ndani gizani nilifundishwa na utingo, siyo na mwalimu wa yadi.

Ila niruhusu niseme hili. Utingo anapewa usukani lini? Saa nane usiku, dereva akiwa amechoka, kipande cha Mikumi, hana leseni ya daraja hilo. Kilomita 50 zile zimepita ndani ya hifadhi, tembo na nyati wanavuka muda wanaotaka. Ikitokea ajali, bima itauliza nani alikuwa anaendesha, na yule kijana ndiye atakayebaki nayo mahakamani. Wale tunaowaona leo ni waliofika. Waliobaki njiani hatuwahesabu.

Ningekuwa na uwezo ningetaka kijana afanye utingo mwaka mmoja, kisha aingie mafunzo ya kampuni. Huyo hakuna wa kumshinda.

Mzee wa Tunduma

Marahaba. Hilo la mwaka mmoja nakubali. La usiku umesema kweli, wengine tumeliona kwa macho na hatupendi kulizungumza. Ongezea vijana habari ya mizani, ndiyo inayowatoa jasho.

Kiti cha Pili

Kweli mzee, niliisahau.

Ukitoka Dar, ya kwanza kubwa ni Vigwaza. Tangu Machi 2019 tunafuata sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Gari la ekseli 7 mwisho wake ni tani 56 gari na mzigo kwa pamoja. Kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu ni tani 50. Sasa kijana anaona jumla ya gari na mzigo iko chini ya tani 50, anajua amepona. Mizani haipimi jumla peke yake, inapima na kila kundi la ekseli: ile ya mbele ya usukani tani 8, mbili za nyuma ya kichwa 18, tatu za tela 24. Mzigo ukisukumwa mbele sana wakati wa kupakia, utazidisha katikati huku jumla iko sawa. Kwa hiyo wakati wa kupakia usiende kulala. Simama pale, uliza, omba wausogeze. Mzee wangu alikuwa anaangalia tu jinsi matairi yanavyobonyea na springi zilivyokaa, anasema "hapa katikati tumezidi", tukifika Vigwaza inakuwa hivyo hivyo. Macho hayo hakuyapata kwenye kozi.

Dada wa Gongo la Mboto

Habari zenu. Mimi ni mwanamke, miaka 27, nina leseni daraja D, ya magari madogo, na nimeanza kozi ya magari makubwa. Nyumbani wananiona nimechanganyikiwa. Naomba nijibiwe kwa ukweli: hizi kampuni zinachukua wanawake, na kwenye hicho kiti cha pili tunalala wapi?

Kiti cha Pili

Dada, asante kwa kuuliza wazi. Katika wale 9 tuliobaki mmoja alikuwa mwanamke. Kurudisha tela alituzidi wote, kwa sababu hakuona aibu kushuka kuangalia. Leo anaendesha, na namheshimu kama ninavyomheshimu mzee wangu.

Suala la kulala ndilo la kuuliza ofisini kabla ya jambo lolote, na usikubali jibu la "tutaona". Kabini ina kitanda, wakati mwingine viwili, na wewe utakuwa na mwanaume usiyemjua wiki tatu. Yule mwenzetu aliweka sharti: safari zake za mafunzo alipewa chumba cha gesti kila kituo cha kulala, na posho yake iliandikwa hivyo. Kabla ya safari ndefu alifanya miezi miwili ya mizunguko ya bandarini, kuchukua kontena Kurasini kupeleka bandari kavu na maghala ya Barabara ya Nyerere, anarudi nyumbani jioni. Mizunguko hiyo wanaume wengi wanaidharau kwa kuwa posho ni ndogo, lakini kona za Mandela saa kumi na moja jioni, bodaboda kila upande, zinafundisha kuliko wengi wanavyodhani. Omba uanzie huko. Na ukishikwa mkono bila ridhaa yako na yeyote, mwalimu au bosi, toka na ukaripoti. Hakuna leseni yenye thamani hiyo.

Mke wa Dereva

Mimi siendeshi ila nina la kusema kwa wanaotaka kuoa wakiwa kwenye kazi hii. Mume wangu alikaa Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, kwenye foleni siku 11, simu imeisha chaji, mtoto amelazwa. Sikumlaumu. Ila mwanzoni hakuna aliyeniambia kwamba "safari ya wiki mbili" inaweza kuwa mwezi. Waambieni wake zenu ukweli mapema, na waachieni hela ya mwezi, siyo ya wiki mbili.

Kiti cha Pili

Dada, nimeisoma hii mara tatu. Pole kwa siku zile. Mimi na mke wangu tulifikia kwamba kila nikifika kituo chenye mtandao natuma neno moja tu, "nipo", hata kama ni saa tisa usiku. Vijana, lisomeni hilo la hela ya mwezi.

Kijana wa Keko

Wakuu, hivi kwa treni ya SGR hii kazi ina miaka mingapi tena? Naogopa nisome halafu nikute imeisha.

Kiti cha Pili

SGR inatoka Dar kupitia Morogoro hadi Dodoma na inaendelea kuelekea Kanda ya Ziwa. Mzigo wa huko baadhi utahamia relini, na bandari kavu ya Kwala itabadilisha mizunguko ya mjini. Huo ni ukweli na usipuuzwe. Lakini mzigo wa Zambia na Kongo unapita Tunduma, njia nyingine kabisa. Na hata kontena likiteremka kwenye treni, kuna mtu atalitoa kwenye behewa kulipeleka mlangoni kwa mwenyewe. Jifunze njia ya mpakani. Ujifunze na Kongo, kule wanaendesha kulia. Unatoka Zambia ukiwa kushoto kama hapa kwetu, unavuka Kasumbalesa unahamia upande wa pili ukiwa na tani 50, umechoka. Safari ya kwanza uifanye na mwenyeji.

Mwana wa Mlandizi

Mkuu nimerudi na mrejesho. Wale wa 300,000 nilikwenda kuwatafuta. Hakuna yadi. Ni chumba kimoja ghorofani, nimemkuta dada mmoja na kompyuta. Umeniokoa.

Baada ya hapo nimekwenda kwenye yadi mbili za kweli, nimeuliza swali lako la safari ngapi za kiti cha pili. Ya kwanza walicheka kidogo wakasema safari moja, wakiona uko vizuri wanakupa gari, mshahara unaanza mwezi huo huo. Ya pili wamesema safari tano, na meneja mwenyewe aliniuliza nani kakufundisha kuuliza hivyo. Ila ya pili wakati wa mafunzo hawatoi mshahara, posho ya chakula tu, na nina mtoto wa miezi saba. Nimechanganyikiwa.

Kiti cha Pili

Mdogo wangu, sitakudanganya kwamba ni rahisi. Miezi minne bila mshahara na mtoto mchanga ni mizito. Mimi nilipitia hiyo kwa msaada wa kaka yangu, na kila Jumapili niliporudi Dar nilishika ukonda wa siku kwa rafiki ili nipate ya maziwa. Kaa na mama mtoto, mpige hesabu kwenye karatasi: kodi, chakula, kliniki. Muulize meneja kama posho inaweza kutolewa kila wiki badala ya mwisho wa safari. Muulize pia kama ukifaulu mapema safari zinaweza kupungua kuwa nne, wengine hukubali.

Lakini ukiniuliza moyo wangu uko wapi, ningekwenda safari tano.

Mzee wa Tunduma

Kijana wa Mlandizi, nenda tano. Ukifika Tunduma uliza mzee wa gereji za karibu na stendi ya malori, sema umetumwa na uzi huu. Kula utakula.

Mwana wa Mlandizi

Nimeongea na mama watoto jana usiku. Dada yangu wa Kibaha atamchukua yeye na mtoto kwa miezi hiyo, chumba chetu tunakirudisha. Mkataba nimepewa nikausome nyumbani: gharama za mafunzo zilikuwa hazina tarakimu, nimeomba waandike, wameandika, na inapungua kila mwezi. Leseni halisi nabaki nayo.

Naripoti Jumatatu saa moja asubuhi. Niende na nini?

Kiti cha Pili

Buti za kufunga kamba, siyo raba. Ngazi ya kabini ikilowa mafuta raba inateleza. Tochi ya kichwani. Shuka nzito, Makambako usiku ni baridi kuliko unavyofikiri. Pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano anza kuzishughulikia wiki hii, usisubiri waseme.

Na daftari la kurasa za mraba, lile dogo linaloingia mfuko wa shati. Ukianza kupanda Kitonga andika gia.